Mamusketia, Kardinali na ndugu wa mfalme: kuelewa njama za Ufaransa ya kale

Kila filamu ya mamusketia, wale walinzi wa mfalme wa Ufaransa, inapozunguka, iwe ya zamani au zile mbili za Kifaransa zilizotoka 2023, watazamaji hubaki na maswali yale yale. Kardinali ni kiongozi wa dini. Amepata wapi jeshi? Walinzi wake na walinzi wa mfalme wanachomana mapanga barabarani ilhali wote wanatumikia ufalme mmoja, imekuwaje? Malkia anaandikiana barua na maadui wa nchi, kisha tunatakiwa tumwonee huruma. Na huyu D'Artagnan, shujaa wa filamu hizo, aliishi kweli au ni mtu wa hadithini?

Maswali hayo yana majibu, na majibu yenyewe yanasisimua kuliko sinema. Ila inabidi kwanza tuache kutafuta mwema ni nani na mwovu ni nani. Njama zilizoitikisa Ufaransa kati ya 1624 na 1642 zilihusu jambo moja: nani akae karibu na mfalme ambaye kwa miaka 23 ya ndoa hakuwa na mtoto. Ukilishika hilo, mengine yanafunguka yenyewe.

Kwanza tuwajue wenyewe

Mfalme ni Louis XIII. Alirithi kiti mwaka 1610 akiwa na miaka minane, baada ya baba yake, Henri IV, kuchomwa kisu na François Ravaillac katika mtaa mwembamba wa Paris. Mama yake, Marie de Médicis, alitawala kwa niaba yake, na kijana alipokua, mama hakutaka kuachia usukani. Alimtegemea mno Mwitalia mmoja, Concino Concini, aliyejaziwa vyeo na mali. Aprili 1617 Louis, akiwa na miaka 15, aliridhia mpango wa kumwondoa Concini, naye akapigwa risasi kwenye daraja la kuingilia kasri la Louvre. Jambo hili lisisahaulike: mfalme huyu alianza kutawala kwa njama yake mwenyewe. Alijua njama zinavyosukwa, na maisha yake yote aliziogopa.

Kabaila ni mtu wa ukoo wenye cheo cha kurithi. Hakulipa ile kodi kuu iliyowalemea wakulima, na upanga aliuvaa hadharani kama alama ya hadhi yake. Makabaila wakubwa walikuwa magavana wa mikoa, wenye ngome na mizinga, na waliwalisha vijana wengi wa koo ndogo. Vijana hao, ukiwauliza wao ni watu wa nani, jibu lililowatoka kwanza halikuwa Ufaransa. Wangekutajia jina la bwana wao.

Kardinali ni cheo cha juu katika Kanisa Katoliki, cha wale wanaomshauri Papa na kumchagua. Cheo hicho hakikumzuia mtu kushika kazi ya serikali, na Ulaya ya karne ya 17 ilikuwa na maaskofu wengi mabalozi na mawaziri. Kardinali wetu ni Armand Jean du Plessis de Richelieu, askofu wa jimbo dogo la Luçon, aliyepewa ukardinali 1622, akaingia katika baraza la mfalme 1624, na kuwa waziri mkuu wake hadi alipokufa Desemba 1642.

Musketia ni askari mlinzi wa mfalme anayebeba musketi, bunduki ndefu na nzito iliyowashwa kwa utambi wa moto. Mwaka 1622 Louis alikipa bunduki hizo kikosi kidogo cha wapanda farasi waliomlinda, na jina likabaki. Mwanzoni walikuwa kama mia moja hivi. Wengi walikuwa watoto wa makabaila maskini, hasa kutoka Gascogne, kusini-magharibi mwa nchi, ambako mtoto wa pili au wa tatu hakuwa na shamba la kurithi. Walipigana kwa farasi na kwa miguu pia. Kwa hiyo picha ya musketia ambaye kutwa yuko na upanga tu ni nusu ya ukweli. Upanga ulikuwa wa hadhi na wa ugomvi wa mtaani, bunduki ndiyo iliyokuwa kazi.

Na njama? Zama hizo hapakuwa na chama cha upinzani, wala uchaguzi. Bunge la matabaka lilikutana mara ya mwisho 1614 na 1615, kisha halikuitwa tena mpaka 1789. Kabaila aliyetaka kubadilisha sera alibakiwa na njia chache: kumshawishi mfalme, kumwondoa aliyemshawishi mfalme, au kushika silaha. Hakujiona mhaini hata kidogo. Lugha yao ilikuwa moja siku zote: tunampenda mfalme, tunataka kumwokoa na mshauri mbaya.

Kiti bila mtoto

Fikiria boma la mzee tajiri, mgonjwa, asiye na mtoto. Mdogo wake yupo, kijana, mchangamfu, anapendwa na watu. Kila anayemchukia msimamizi wa mali za mzee atakwenda kunong'ona na mdogo mtu. Hakuna atakayethubutu kumfukuza huyo mdogo, kwa sababu kesho mzee akifumba macho, boma ni lake. Msimamizi naye analijua hilo, na halali usingizi.

Hiyo ndiyo Ufaransa ya Louis XIII. Mzee wetu alikuwa kijana kwa umri, lakini aliugua tumbo mara kwa mara. Alimwoa Anne, binti wa mfalme wa Uhispania, mwaka 1615 wote wawili wakiwa na miaka 14. Mtoto hakupatikana hadi Septemba 1638. Muda wote huo mrithi wa kiti alikuwa ndugu yake Gaston, aliyezaliwa 1608. Msimamizi ni Richelieu. Mfalme angekufa kesho yake, Gaston angeshika kiti na kichwa cha Richelieu kingekuwa hatarini siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana ukichunguza njama karibu zote kubwa za miaka ile utamkuta Gaston ndani yake. Na utakuta pia kwamba hakuna hata moja iliyomgharimu maisha. Damu yake ilikuwa ya kifalme na kiti kilikuwa kinamngojea. Waliokatwa vichwa ni waliomwamini.

Kisa cha Chalais

Mwaka 1626 Richelieu na mama yake Gaston walitaka kijana huyo aoe haraka Marie de Bourbon, binti mwenye utajiri mkubwa. Harusi ya kawaida, mtu angedhani. Lakini Gaston akipata mtoto wa kiume kabla ya kaka yake, malkia Anne angekuwa mke tasa asiye na kazi katika jumba la kifalme. Na wale waliotaka Gaston aoe nje ya nchi ili apate nguvu za kigeni wangekosa nafasi yao. Basi ikasukwa njama. Miongoni mwa waliokuwamo ni Marie de Rohan, mke wa mtawala wa Chevreuse na rafiki kipenzi wa malkia, mwanamke ambaye Richelieu alimhofia kuliko majenerali wengi. Alikuwamo pia Henri de Talleyrand, kabaila wa Chalais, aliyesimamia mavazi ya mfalme, kijana wa miaka ya ishirini na kitu.

Watu wa Gaston walikuwa waende nyumbani kwa Richelieu huko Fleury, karibu na Fontainebleau, kama wageni wa chakula. Ugomvi ungezuka mezani, na katika vurugu hiyo Kardinali angechomwa. Chalais alishindwa kuitunza siri. Alimweleza jamaa yake, naye akamshurutisha aende kumwambia Richelieu mwenyewe. Alfajiri ya siku iliyopangwa Kardinali alijihimu hadi Fontainebleau, akamsalimia Gaston akiwa ndio kwanza anaamka. Fikiria sura ya kijana huyo.

Chalais angeweza kuponea hapo. Lakini alirudi tena kwenye minong'ono, safari hii kumhimiza Gaston atoroke na kuanzisha uasi. Alikamatwa Nantes. Gaston alipohojiwa alitaja majina, kisha tarehe 5 Agosti akafunga ndoa ile ile aliyokuwa akiikataa, na kupewa utawala wa Orléans kama zawadi. Wiki mbili baadaye, tarehe 19 Agosti 1626, Chalais alipandishwa jukwaani. Marafiki zake walikuwa wamemficha mnyongaji wakitumaini kupata muda, lakini alipatikana mfungwa aliyeahidiwa msamaha akifanya kazi hiyo. Hakuwahi kuifanya. Alipiga zaidi ya mara ishirini kabla kichwa hakijatengana na mwili.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kila kilichofuata kinafanana nacho: mkubwa anapanga, mdogo anatekeleza, siri inavuja, mkubwa anasamehewa, mdogo anakufa. Na ndipo ilipotoka ruhusa ya mfalme kwa Richelieu kuwa na walinzi wake mwenyewe. Hawa ndio wale tunaowaona kwenye filamu wamevaa nyekundu. Walitokana na jaribio halisi la kumuua.

Je, walinzi hao na mamusketia walichukiana kweli? Ndiyo, na hapa sinema hazikosei. Vikosi viwili vya vijana wenye majivuno, kila kimoja na bwana wake, mji mmoja, vilabu vya pombe vile vile. Walipigana mara nyingi, na mfalme alifurahi watu wake wakishinda. Lakini ushindani wa vikosi haukuwa vita vya mfalme dhidi ya Kardinali. Mabwana wao walifanya kazi pamoja kwa miaka 18.

Kwa nini upanga ulipigwa marufuku

Pambano la heshima lilikuwa desturi ya makabaila: umenitusi, tukutane mahali fulani, kila mmoja na upanga wake na mashahidi wake. Mashahidi nao mara nyingi walipigana wao kwa wao. Vijana walikufa kwa neno moja, kwa kupishana mlangoni, kwa kumwangalia mtu vibaya. Richelieu aliyajua machungu yake nyumbani: kaka yake mkubwa, Henri, aliuawa katika pambano la namna hiyo mwaka 1619.

Februari 1626 ikatoka amri kali dhidi ya mapambano hayo. Wengi walidhani itapuuzwa kama zilizotangulia. Kabaila François de Montmorency-Bouteville, aliyekuwa ameshapigana mara nyingi mno na kukimbilia Brussels, alirudi Paris na kupigana mchana kweupe katika uwanja wa kifalme, ule unaoitwa leo Place des Vosges. Ilikuwa tarehe 12 Mei 1627. Mmoja wa mashahidi aliuawa. Wakubwa wa nchi walimwangukia mfalme wamwombee Bouteville maisha. Mke wake alipiga magoti. Mfalme alikataa. Tarehe 22 Juni alikatwa kichwa pamoja na binamu yake, des Chapelles.

Mjadala wake ulikuwa mzito kuliko usalama wa mitaani. Anayesema "heshima yangu naitetea mwenyewe kwa upanga" anasema pia kwamba juu yake hakuna hakimu. Serikali ya Louis na Richelieu ilikuwa ikijenga wazo jipya, kwamba mwenye haki ya kuua ni dola peke yake. Kwa nia hiyo hiyo iliamuru 1626 ngome zisizo mpakani zibomolewe, na kwa nia hiyo ilizingira La Rochelle, mji wa bandari wa Waprotestanti wenye kuta zao na jeshi lao. Mzingiro huo wa 1627 na 1628 ulifungia bahari kwa ukuta wa mawe na meli zilizozamishwa wenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Mji ulikuwa na watu kama 27,000. Uliposalimu amri Oktoba 1628, waliobaki hai walikuwa kama 5,000. Wengine waliuawa na njaa. Filamu hupita hapo kwa sherehe za ushindi. Mimi naona ni mahali pa kusimama kidogo.

Siku ambayo kila mtu alikosea

Ukitaka kisa kimoja cha kueleza siasa za jumba la kifalme, chukua Novemba 1630. Miezi miwili kabla, mfalme aliugua Lyon hadi akapewa sakramenti za mwisho. Mama yake, aliyempandisha Richelieu tangu mwanzo na sasa akimchukia, alimsihi mwanawe aliyedhoofika amfukuze Kardinali. Waliporudi Paris, mama alijifungia na mfalme katika jumba lake la Luxembourg ili kuimaliza kazi. Milango yote ilifungwa kwa ufunguo. Mmoja ulisahaulika, ule wa kupitia kanisa dogo la ndani. Richelieu akatokea humo.

Marie alimtukana mbele ya mfalme kwa maneno ambayo wahudumu hawakuyazoea kutoka kwa malkia. Richelieu alipiga magoti na kulia. Mfalme hakumtetea, aliondoka bila kumtazama. Habari ikaenea mji mzima kwamba Kardinali amekwisha. Makabaila wakamiminika Luxembourg kumpongeza mama mfalme, na vyeo vikaanza kugawanywa. Michel de Marillac, mtunza muhuri wa dola, akajiona tayari waziri mkuu.

Mfalme alikuwa amekwenda Versailles, ambayo wakati huo ilikuwa nyumba ndogo ya mawindo. Akamwita Richelieu, akamwambia abaki kazini. Marillac alikamatwa. Kaka yake wa baba mmoja, jemadari Louis de Marillac, alikatwa kichwa 1632. Mama mfalme alitorokea katika himaya ya Wahispania 1631, na hakumwona tena mwanawe. Alifia Cologne Julai 1642. Wafaransa waliipa siku ile jina la Siku ya Waliodanganyika.

Kisa hiki kinabomoa dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba Louis alikuwa kikaragosi mkononi mwa Kardinali. Kikaragosi hakimlizi bwana wake hadi apige magoti. Richelieu aliishi kwa ridhaa ya mtu mmoja mwenye mashaka mengi, na ridhaa hiyo ilibidi aipate upya kila siku.

Montmorency, na njia ya bahari

Mwaka 1632 Gaston aliingia na jeshi kutoka nje, na gavana wa Languedoc, Henri de Montmorency, akajiunga naye. Mtu huyu alikuwa wa ukoo mkubwa kupindukia, na mfalme mwenyewe alikuwa amempenda. Alikuwa na dukuduku la miaka sita: mwaka 1626 alishurutishwa kuachia cheo cha amiri wa Ufaransa, Richelieu akajifanya mkuu wa mambo yote ya bahari na biashara. Montmorency alishindwa katika mapigano ya Castelnaudary, akachukuliwa akiwa na majeraha mengi, na kukatwa kichwa Toulouse tarehe 30 Oktoba. Gaston alitia saini mapatano na kwenda zake.

Hayo mamlaka ya bahari yanatugusa sisi wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1642 Richelieu aliipa kampuni ya Mashariki haki ya kufanya biashara Madagaska, na mwaka uliofuata Wafaransa wakaweka kituo Fort-Dauphin, kusini mwa kisiwa. Kutoka huko walienea visiwa vya Bourbon (leo Réunion) na baadaye Mauritius, na mashamba ya visiwa hivyo yalipohitaji watumwa, wafanyabiashara wa Kifaransa walikuja Kilwa. Mkataba wa Mfaransa Morice na sultani wa Kilwa, wa watumwa elfu moja kwa mwaka, ni wa 1776. Historia ya dola ile yenye nguvu haikuishia Paris.

Barua za malkia

Sasa tuje kwa Anne. Kisa cha almasi alizompa Buckingham, waziri wa Uingereza, na mbio za kuzirudisha, kinatokana na kumbukumbu za kabaila La Rochefoucauld, ambaye mwaka 1625 alikuwa bado mtoto. Hakina ushahidi mwingine wa kukisimamisha. Kilicho na ushahidi ni kwamba Buckingham alikwenda Ufaransa 1625, na katika bustani moja ya Amiens alimkaribia malkia kupita adabu hadi wahudumu wakaja mbio. Mfalme hakusahau.

Kosa halisi la Anne ni la 1637. Ufaransa na Uhispania zilikuwa vitani tangu 1635, na malkia alikuwa akimwandikia kaka yake, mfalme wa Uhispania, kwa siri kupitia nyumba ya watawa ya Val-de-Grâce. Richelieu alikuwa na watu wa kukamata barua njiani, na mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, Antoine Rossignol. Mtumishi wa malkia, Pierre de La Porte, alitupwa katika gereza la Bastille, akabanwa, hakusema. Anne aliapa kwa sakramenti kwamba hakuandika, kisha akakiri. Angeweza kuachwa na kupelekwa kwao. Alisamehewa, na mwaka mmoja baadaye akajifungua mtoto atakayekuwa Louis XIV.

Rafiki yake wa Chevreuse aliponea kwa farasi. Inasimuliwa kwamba walikubaliana ishara: kitabu cha sala chenye jalada la kijani maana yake salama, chekundu maana yake kimbia. Kikaja chekundu kwa makosa. Alivaa nguo za kiume akapanda farasi hadi Uhispania. Kukimbia huko kwa mavazi ya kiume si hadithi, na nashangaa waandishi wa filamu wanavyosumbuka kubuni visa wakati mwanamke huyu yupo.

Je, Anne alikuwa msaliti? Kwa sheria ya vita, ndiyo. Lakini aliozwa na miaka 14 kama dhamana ya amani kati ya nchi mbili, kisha nchi hizo zikapigana huku akitakiwa amsahau kaka yake. Hukumu yake msomaji ataitoa mwenyewe.

Njama ya mwisho

Henri de Cinq-Mars alikuwa kijana mzuri wa sura aliyepelekwa kwa mfalme na Richelieu mwenyewe ili amchangamshe bwana. Alipanda vyeo, akataka zaidi, Kardinali akamcheka. Kijana akaungana na Gaston, na Machi 1642 mjumbe wao alisaini Madrid mkataba wa siri: Uhispania ingetoa askari na fedha, Richelieu angeondolewa, amani ingefuata. Nakala ya mkataba ilimfikia Richelieu, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alipomwonyesha mfalme, mambo yalikwisha. Gaston alikiri kila kitu kwa mara nyingine. Cinq-Mars, miaka 22, alikatwa kichwa Lyon tarehe 12 Septemba 1642 pamoja na rafiki yake François-Auguste de Thou, ambaye kosa lake lilikuwa kuijua siri na kunyamaza.

Wenye njama walimtegemea pia Tréville, kamanda wa mamusketia. Hapa uadui wa kwenye sinema ulikuwa wa kweli: Richelieu alidai afukuzwe, mfalme akasitasita sana, kisha akakubali siku chache kabla Kardinali hajafa Desemba 4. Mfalme mwenyewe alifariki 14 Mei 1643, miaka 33 kamili baada ya baba yake kuuawa.

Waliolipa

Mambo haya yote ni ya watu elfu chache katika nchi ya mamilioni. Ili kupigana na Uhispania, serikali ilipandisha kodi mno, na wakulima wakainuka. Mwaka 1636 na 1637 waliinuka kusini-magharibi, kule kule walikotoka mamusketia. Mwaka 1639 Normandy iliasi kodi ya chumvi, waasi wakijiita Pekupeku kwa sababu watengenezaji chumvi walikanyaga mchanga wa ufukweni bila viatu. Jeshi liliwavunja vibaya. Mkulima wa Normandy asingeelewa kwa nini tunagawanyika kati ya shabiki wa mfalme na shabiki wa Kardinali. Mtoza kodi alikuja na jina la wote wawili.

D'Artagnan wa kweli

Aliishi. Jina lake Charles de Batz de Castelmore, akatumia jina la upande wa mama, d'Artagnan. Alizaliwa Gascogne kati ya 1611 na 1615 hivi. Kwa hiyo mwaka 1625, riwaya ya Alexandre Dumas inapomwingiza Paris na upanga wa baba yake, alikuwa bado mtoto kijijini. Athos, Porthos na Aramis, wenzake wa riwayani, nao walitokana na askari halisi: Armand d'Athos, Isaac de Portau na Henri d'Aramitz. Portau alizaliwa 1617. Hesabu mwenyewe alikuwa na miaka mingapi.

Kumbukumbu za uongo za d'Artagnan ziliandikwa na Courtilz de Sandras na kutoka 1700, na humo ndimo Alexandre Dumas alimochota riwaya yake iliyochapishwa gazetini kwa sehemu mwaka 1844. Dumas mwenyewe alikuwa mjukuu wa Marie-Cessette, mwanamke mweusi mtumwa wa Saint-Domingue, nchi inayoitwa leo Haiti. Baba yake alipanda hadi kuwa jenerali wa Ufaransa. Anayesema habari za mamusketia ni za Wazungu peke yao hajui nani alizisimulia.

Na usemi wa "mmoja kwa wote, wote kwa mmoja" haukuwa kaulimbiu ya kikosi. Bendera ya kampuni yao ya kwanza ilikuwa na picha ya bomu na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba linakoangukia ndiko na kifo kiliko.

D'Artagnan wa kweli alikuwa mtu wa kutumwa. Alimtumikia Kardinali Mazarin, mrithi wa Richelieu, akibeba barua katika vita vya makabaila vya 1648 hadi 1653. Kazi yake iliyojulikana zaidi ni ya tarehe 5 Septemba 1661, siku ambayo Louis XIV alitimiza miaka 23: alimkamata Nicolas Fouquet, waziri wa fedha, huko Nantes, kwa amri ya siri ya mfalme. Mahakama ilimhukumu Fouquet kufukuzwa nchini. Mfalme aliona hukumu ni ndogo, akaigeuza kifungo cha maisha katika ngome ya Pignerol. D'Artagnan ndiye aliyempeleka. Akabidhiwa Saint-Mars, aliyekuwa musketia chini yake.

Saint-Mars huyo huyo baadaye ndiye aliyemtunza mfungwa wa siri tunayemwita mtu wa kinyago cha chuma, aliyekufa Bastille Novemba 1703. Hati za serikali zinamtaja mfungwa aliyekamatwa 1669 kwa jina la Eustache Dauger. Kinyago kilichoonekana Bastille kilikuwa cha mahameli. Kwamba alikuwa pacha wa mfalme ni uvumi uliopambwa na waandishi; hakuna hati inayouunga mkono.

Kwa hiyo musketia alikuwa mkono wa dola: aliwakamata watu kwa barua ya mfalme, bila wao kuelezwa kosa, na kuwasindikiza gerezani. D'Artagnan alisifiwa hata na wafuasi wa Fouquet kwa kumtendea mfungwa wake kwa utu, na hilo si dogo. Alikuwa jasiri pia. Alipigwa risasi ya shingo na kufa kwenye mzingiro wa Maastricht tarehe 25 Juni 1673. Lakini mtu wa kupinga utawala hakuwa. Kikosi chake kiliendelea miaka mia moja na zaidi, kikavunjwa 1776 katika mpango wa waziri wa vita wa kupunguza gharama za jeshi.